Jinsi ya Kuuvalisha Mdoli Wigi Likakaa Imara Bila Kuharibu Rangi ya Uso: Mwongozo Kamili

"Dada, wigi limekaa vizuri, ila nyusi zimekwisha."

Ujumbe huo ulinifikia kutoka Makambako pamoja na picha. Mdoli wa resini (plastiki ngumu, nzito), nywele za kahawia zimetulia kichwani kama zimeota, na juu ya jicho la kushoto hakuna kitu. Tangu nianze kushona mawigi ya midoli hapa Mbeya, hakuna kilio ninachokipata mara nyingi kuliko hiki. Mtu kahangaika na wigi linaloteleza, kaongeza gundi, kavuta, kasugua, mwisho wigi likakubali na uso ukaondoka nalo.

Nilishike jambo lenyewe mapema: wigi la mdoli hushikwa na kipimo, si gundi. Likilingana na kichwa, na katikati pakawa na kitambaa kinachokamata, hutahitaji hata tone moja. Uso nao mara nyingi hauharibiwi na wigi. Huharibiwa na viganja vyetu tunapolivalisha. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinahusu mikono yako iwe wapi na lini.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote mezani kabla hujaugusa mdoli.

- Futi laini ya fundi cherehani na uzi mweupe.
- Fulana nyeupe ya pamba, kuukuu. Ya mtumba kutoka soko la Mwanjelwa inafaa kuliko mpya, kwa sababu imefuliwa mara nyingi na kitambaa kimeshalegea.
- Sindano nyembamba, pini, na uzi wa rangi ya wavu wa wigi (kile kitambaa cha ndani kinachobeba nywele).
- Lastiki nyembamba ya uzi.
- Tishu nyeupe isiyo na manukato, na utepe laini wa kitambaa wenye upana wa kidole.
- Wavu wa nywele wa saluni, au kofia ya kuogea.
- Taulo nene.
- Kwa midoli ya resini tu: silikoni angavu ya tyubu, ile ambayo mafundi wa alumini huzibia vioo vya madirisha. Duka lolote la vifaa vya ujenzi wanayo.
- Kipande cha velkro, kwa wanaobadilisha mawigi mara kwa mara.

Sasa vya kuondoa kabisa mezani: supaglu, gundi ya moto, gundi ya viatu, gundi ya kubandikia mawigi ya watu, seloteipu, raba bendi, spiriti, asetoni na kiondoa rangi ya kucha, pamoja na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto.

Supaglu naitaja ya kwanza kwa sababu ilinigharimu mwenyewe. Mdoli wangu wa kwanza wa resini niliubandika wigi kwa matone manne tu, yote utosini, mbali kabisa na uso. Ilikuwa Julai, usiku wa baridi. Nikaufunga kwenye boksi lake ili vumbi lisiingie. Asubuhi nilipofungua, paji la uso na nyusi zilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha daladala alfajiri, ila huu haukufutika. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke, na ndani ya boksi mvuke hauna pa kwenda, unatua kwenye uso. Gundi haikuugusa uso hata kidogo, na bado uso ulikwisha.

Gundi ya moto hulainisha vinaili, ile plastiki laini ya midoli. Gundi ya viatu ina viyeyusho vinavyokula rangi na wakati mwingine mwili wa mdoli wenyewe. Raba bendi huacha mstari wa kahawia kwenye vinaili usiotoka kwa kuosha.

## Utambue mdoli wako kwanza

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kisha wanatumia dawa ya mdoli mmoja kwa mwingine.

Resini. Mgumu, mzito kwa umbo lake, viungo vya duara vilivyofungwa kwa lastiki ndani, na kichwa hufunguka nyuma. Uso wake kwa kawaida hupakwa kwa mkono, kwa unga wa pasteli, penseli na rangi ya akriliki, kisha hupuliziwa dawa ya kuziba isiyong'aa. Tabaka hilo ni jembamba sana. Mafuta ya ngozi hulitia madoa, kucha hulichana, spiriti na asetoni huliondoa pamoja na rangi yote.

Vinaili. Laini kidogo ukibonyeza. Rangi yake ya kiwandani ni ngumu kuliko ya resini, lakini mwili wenyewe hunyonya rangi za vitu vingine. Wavu mweusi wa wigi ukikaa miezi kadhaa juu ya vinaili, doa linazama ndani.

Kauri isiyong'arishwa. Baridi mkononi, uso kama ganda la yai. Rangi yake mara nyingi imechomwa kwenye tanuri, kwa hiyo haifutiki kirahisi. Hatari yake kubwa ni kuanguka. Kichwani huwa na tundu lililofunikwa kwa kifuniko cha koki au karatasi ngumu.

Mseto wa unga wa mbao na gundi. Hii ni midoli ya zamani, mara nyingi uso una nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka. Maji ni adui yake. Usiupanguse kwa kitambaa chenye unyevu, hata kidogo.

Kama huna uhakika, uhesabu kuwa ni resini. Tahadhari za resini hazimdhuru mwingine yeyote, isipokuwa silikoni, ambayo nitaieleza mbele.

## Hatua ya 1: Safisha mikono, hasa miezi ya baridi

Huku kwetu, kuanzia Juni, kila mtu ana mafuta ya mgando mikononi. Baridi na upepo vinapasua ngozi, hatuna budi. Lakini kidole chenye mafuta kikigusa uso uliopuliziwa dawa isiyong'aa, kinaacha doa linalometa, na doa hilo hukamata vumbi hadi linakuwa la kijivu.

Nawa kwa sabuni mara mbili, kausha kabisa, vua pete na bangili. Kata kucha au vaa glavu za pamba. Ukitaka kujua kama umefaulu, bonyeza kidole kwenye kioo cha simu kilichofutwa. Kisipoacha alama nzito, endelea.

## Hatua ya 2: Funika uso

Kunja tishu iwe tabaka tatu, ilaze juu ya uso kuanzia chini kidogo ya mstari wa nywele mpaka kidevuni. Pitisha utepe juu yake usawa wa pua, ufunge kisogoni kwa fundo moja la kufunguka. Utepe usikaze. Kazi yake ni kuzuia tishu isidondoke tu.

Kama mdoli una kope za kubandika, ikunje tishu katikati iinuke kama paa la nyumba, isizilaze kope.

Usitumie nailoni ya kufunikia chakula moja kwa moja juu ya rangi, maana hunata na hubeba rangi inapobanduliwa. Na tishu ikishakaa, usiitelezeshe kuirekebisha. Inyanyue yote, iweke upya. Kuteleza ndiko kusugua kwenyewe.

## Hatua ya 3: Pima kichwa, kisha pima wigi

Zungusha futi juu ya paji la uso pale nywele zingeanzia, ipite juu ya masikio, ishuke kisogoni, irudi. Andika. Kisha pima kutoka mstari wa nywele mbele, juu ya utosi, mpaka chini ya kisogo. Andika.

Mawigi ya kununua huandikwa mzunguko kwa inchi. Midoli mikubwa ya resini, ya kimo cha sentimita 60 hivi, huvaa inchi 8 hadi 9, yaani sentimita 20 hadi 23. Ya kati huvaa 7 hadi 8, midogo 6 hadi 7. Midoli ya vinaili ya inchi 18 ina vichwa vikubwa na huvaa 10 hadi 11. Hizo ni za kukuongoza dukani. Kichwa cha mdoli wako ndicho kinachoamua.

Wigi pima kwa ndani, likiwa limelala bila kuvutwa. Linatakiwa lilingane na kichwa au lipungue kwa sentimita 1 tu. Likizidi kichwa, litateleza mpaka ulibane nyuma kama nitakavyoeleza hatua ya 6. Likipungua zaidi ya hapo, litapanda juu polepole kama kofia ya mtoto, na utalivuta kushuka kila siku, na kila unapolivuta ukingo unapita juu ya nyusi.

Jambo moja kwa wanaoshona wenyewe kwa nywele za saluni: uzito. Mistari ya nywele za watu ni mizito kwa kichwa cha mdoli, na nywele zikivuka kiuno zinalivuta wigi nyuma. Acha nafasi ya sentimita 1 kati ya mstari na mstari chini, bana mistari utosini tu.

## Hatua ya 4: Jaribu kama wigi linatoa rangi

Lowanisha kipande cha fulana nyeupe kwa maji ya uvuguvugu, kibane kwenye nywele na kwenye wavu wa ndani kwa dakika 5. Kikibaki cheupe, vizuri. Kikitoka na rangi, fua wigi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini siku mbili, rudia jaribio. Lisipokoma, wigi hilo livaliwe siku ya picha tu na livuliwe siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Shona kofia ya ndani

Hii ndiyo roho ya kazi yote. Wavu wa wigi ni laini, kichwa cha mdoli ni laini, na vilaini viwili haviwezi kushikana. Kofia ya fulana hukamata pande zote mbili, na pia huzuia rangi ya wigi isifike kichwani.

Usiishonee juu ya kichwa cha mdoli. Pini moja ikiteleza, imechora mstari wa maisha. Tengeneza kichwa cha mfano: sokota matambara meupe, zungusha uzi kila upande kama mpira wa chandimu, ongeza au punguza mpaka mzunguko ulingane na ule ulioandika. Kwa uzi wa rangi nyingine, weka alama ya mstari wa nywele.

Kata duara la fulana ambalo kipenyo chake ni kile kipimo cha pili, cha mbele hadi kisogoni, pungufu ya sentimita 1. Livute juu ya mpira mpaka lifike kwenye alama. Kitambaa kitajikunja pembeni. Kusanya mikunjo katika sehemu nne, mbili nyuma ya masikio na mbili kisogoni. Mbele pasiwe na mkunjo hata mmoja, maana utaonekana chini ya wigi. Bana kwa pini, shona kila mkunjo kwa mishono midogo, kata kinachozidi.

Mishono ikae nje, upande wa wigi. Ikikaa ndani itaacha mabonde na kofia itacheza. Ukingo usiupinde, kitambaa cha fulana hakifumuki, na ukingo mwembamba haujitokezi. Mbele punguza milimita 3 ili kofia ijifiche nyuma ya mstari wa nywele.

Kofia nzuri inaingia kwa kuvutwa kidogo na inakaa bila kuacha mikunjo. Kumbuka inaongeza kama milimita 4 kwenye mzunguko wa kichwa, kwa hiyo wigi lililokuwa limebana sana litakataa.

Kwa resini peke yake: matone ya silikoni. Geuza kofia nje ndani, iweke kwenye mpira, tia matone ya ukubwa wa punje ya ulezi kila baada ya sentimita 1, kuanzia sikio moja kuzunguka kisogo hadi sikio la pili, na mengine matano utosini. Mbele, paji la uso, usitie.

Halafu subiri. Silikoni hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Juni hadi Septemba ni kavu na baridi, kwa hiyo yale masaa 24 yaliyoandikwa kwenye tyubu yasikudanganye. Mimi hutoa siku tatu. Nyingi hunuka siki zinapokauka, na hiyo ni asidi kweli. Mradi unaisikia siki, kofia isifike karibu na mdoli. Harufu ikiisha, ifue kwa maji, ianike, kisha igeuze tena matone yakae ndani.

Kwenye vinaili usitumie silikoni. Vikigusana muda mrefu huathiriana, uso wa vinaili ukawa unanata. Kofia tupu ya fulana inatosha, kwa sababu vinaili yenyewe hukamata pamba vizuri.

## Hatua ya 6: Unganisha wigi na kofia

Bado uko kwenye mpira. Valisha kofia, valisha wigi juu yake, sawazisha katikati.

Kama wigi ni kubwa kwa sentimita 1 au zaidi kidogo, libane nyuma: mkunjo wa milimita 3 nyuma ya kila sikio unapunguza milimita 12 kwa jumla. Watu hubana milimita 10 kila upande na kushangaa wigi haliingii. Milimita 3 tu. Kama bado kisogo kinapwaya, pitisha lastiki ya uzi kwenye ukingo wa nyuma pekee.

Sasa shona wigi kwenye kofia sehemu tano: utosini moja, nyuma ya masikio mbili, kisogoni mbili. Mishono miwili mitatu kila sehemu, isikazwe, fundo likae nje chini ya nywele. Sasa wigi na kofia ni kitu kimoja, unavua na kuvaa pamoja.

Ukipenda kubadilisha mawigi, badala ya mishono shona kipande cha velkro, upande mgumu wenye vijiba, juu ya utosi wa kofia vijiba vikitazama juu. Ukubwa wa ukucha wa kidole gumba unatosha. Kata pembe ziwe duara. Kishonwe, kisibandikwe kwa ile gundi yake, na kisiwe mbele, maana vijiba vile vikipita kwenye uso vinachana kama msasa.

## Hatua ya 7: Valisha

Kusanya nywele zote nyuma, zitie kwenye wavu wa saluni. Ncha za nywele za bandia zilizokatwa kwa mkasi ni ngumu, na wigi linapogeuzwa huchapa uso mzima.

Tandika taulo mapajani. Kalisha mdoli ukikupa kisogo, mgongo wake kifuani kwako. Watu wengi hukaa wakitazamana nao, na hapo viganja lazima vitue mashavuni. Ukikupa kisogo, mikono yako inakaa juu na nyuma tu. Mkono wa kushoto ushike shingo kwa kitambaa, chini ya taya.

Kunja nusu ya nyuma ya wigi kwenda juu, kama soksi unayotaka kumvalisha mtoto. Tua ukingo wa mbele pale pale kwenye mstari wa nywele. Usiutue chini kwenye nyusi ukitegemea kuuvuta juu. Uzuie kwa kidole gumba kwa juu, kisha kunjua nyuma, ushuke kisogoni. Nguvu yote ielekee nyuma, mbali na uso.

Ukikosea, usirekebishe kwa kuzungusha wigi likiwa kichwani. Vua, anza tena. Mimi hufanya mara tatu, nne, na sijioni mzembe.

Kwa kauri yenye kifuniko cha utosini, kama kofia haikai kwa sababu ya umbo la kifuniko, hapo pekee ndipo ninapokubali gundi: matone matatu ya gundi nyeupe ya shule, juu ya kifuniko, si kwenye kauri. Kwa mdoli wa unga wa mbao, usiruhusu hata hayo.

## Hatua ya 8: Hakikisha

Ondoa utepe, nyanyua tishu moja kwa moja kwenda mbele. Toa wavu, shusha nywele taratibu.

Inamisha mdoli uso ukitazama chini juu ya kitanda, hesabu hadi kumi. Wigi lisisogee. Vuta kishungi kimoja cha kisogoni kwa uzito wa kidole: wavu wa wigi usiinuke. Kisha piga picha ya mbele kwa simu na uangalie umbali kati ya nywele na jicho, kulia na kushoto. Kupima kwa rula karibu na uso ni hatari isiyo na sababu, picha inatosha.

Angalia pia tishu uliyotoa. Ikiwa na alama ya rangi yoyote, uso huo haujazibwa vizuri au dawa imechoka. Usiuvalishe tena mpaka mpakaji wake auzibe upya.

## Likigoma

Linateleza nyuma: nywele nzito au mzunguko mkubwa. Rudi hatua ya 3.

Linapanda juu: dogo, au kofia ni nene. Tafuta fulana nyembamba zaidi.

Limeshanata kwa supaglu ya zamani: acha. Usitie asetoni, usivute. Kata nywele na wavu kuzunguka gundi kwa mkasi mdogo, acha gamba la gundi lilivyo, kofia mpya italifunika.

Umegusa uso na umeona doa: usisugue, usilowanishe. Brashi kavu, laini sana, mara moja, basi.

## Kuvua na kuhifadhi

Kuvua ni kinyume: funika uso, kusanya nywele, ingiza kidole kisogoni, legeza, nyanyua wigi kwenda juu wima. Usilipitishe mbele ya uso kama unavyovua sweta.

Mdoli utakaokaa zaidi ya mwezi bila kutolewa ulipohifadhiwa, uvue wigi. Hasa ukiwa Tukuyu, ambako mvua haiachi kitu kikauke na ukungu huota ndani ya kofia. Iringa tatizo ni upepo na vumbi, kwa hiyo tishu usoni kila unapouweka. Popote ulipo, usiuweke chumba chenye jiko la mkaa wala dirishani penye jua.

Kofia ifuliwe kila baada ya miezi miwili kwa maji na sabuni kidogo, isuuzwe mara tatu, ikauke kabisa kabla haijarudi kichwani.